KORONGO LINA MWENYEWE

Kwa kuwa hili ni jarida la chama cha Kiswahili, nitaanza na swali la lugha. Je, korongo ni nini?

Mmoja wenu atajibu kwamba korongo ni ndege wa shingo ndefu na miguu mirefu, yule anayetembea kwa madaha penye majimaji. Mwingine ambaye amewahi kufika Mbuga ya Ruma, kule bonde la Lambwe katika kaunti yetu hii ya Homa Bay, atakataa kabisa. Atasema korongo ni mnyama wa jamii ya swala, mkubwa, mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Huyo naye amesema kweli, tena Ruma ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo mnyama huyo bado anaishi porini. Wa tatu atasema korongo ni ufa mrefu wenye kuta za mawe, uliochimbwa na maji. Wote watatu wamepata. Neno ni moja, maana ni tatu.

Leo nataka kueleza juu ya korongo la tatu, lile la mawe na maji. Sababu ni hii. Chama chetu kimezungumza kuhusu safari ya kwenda Naivasha, katika mbuga ya Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu. Wanafunzi karibu wote waliruka kwa furaha. Lakini wazazi wengine walisita, kwani walikuwa wamesikia habari za watu waliokufa maji huko. Baba yangu mwenyewe alisema, "Mtoto wangu hatakwenda kufa maji nami nimemlipia nauli." Sikumjibu, maana mzazi hajibizwi. Badala yake nilikwenda kusoma, nikauliza mwalimu wa Jiografia, na nilichopata ndicho hiki ninachowaandikia.

MAHALI PENYEWE

Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate iko kusini ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Kutoka Nairobi ni kilomita 90 hivi. Sisi wa Kosele tunashika barabara ya Sondu, tunapita Kericho, kisha Nakuru, ndipo tunafika Naivasha. Ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1984 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukubwa wake ni kilomita 68 hivi za mraba. Si mbuga kubwa. Ruma yetu ina kilomita 120 za mraba, karibu mara mbili ya hiyo.

Lango lake kuu huitwa Elsa. Hilo ni jina la simba jike maarufu aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe. Mama huyo alikuwa na nyumba kando ya ziwa, karibu na hapo.

Ukishaingia, jambo la kwanza utakaloliona ni nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake kama mtu aliyesahaulika njiani. Urefu wake ni mita 25 hivi. Wageni waliiita Mnara wa Fischer, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika sehemu hizo mwaka wa 1883 akitafuta njia ya kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, na Wamaasai wakamzuia asiendelee. Wamaasai wana maelezo yao. Wanasema nguzo ile ni msichana aliyekuwa akienda kuolewa. Aliambiwa asitazame nyuma, akatazama, akageuka jiwe. Sisi Wajaluo hatuwezi kucheka hadithi hiyo, kwani hapa karibu na Kendu Bay tuna Simbi Nyaima, ziwa ambalo wazee husema lilikuwa kijiji, kikazama kwa sababu watu wake walimnyima bibi kizee chakula na mahali pa kulala. Kila mahali penye ajabu pana hadithi, na mara nyingi hadithi huwa onyo.

KORONGO LILICHIMBWA VIPI?

Wale wa kidato cha kwanza, msiogope. Si jambo gumu.

Hapo zamani eneo lote hilo la Bonde la Ufa lilikuwa na volkano nyingi. Mlima Longonot uko hapo jirani, na kilele chake kinafika mita 2,776. Volkano zilitapika jivu na mawe yaliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayepanga chapati. Mahali pengine uji huo wa mawe ulipoa polepole, ukapasuka, na ndiyo maana utaona kuta zenye mistari ya kusimama kama nguzo zilizopangwa na fundi. Mnara wa Fischer nao ni uji wa mawe uliokwama ukitafuta njia ya kutoka, ukagandia humo humo. Baadaye udongo laini wa pembeni ulioshwa na mvua, mwamba ukabaki peke yake.

Sasa njoo kwa maji. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa zaidi na lenye kina kirefu zaidi kuliko leo. Leo halina mto unaotoka juu ya ardhi. Wakati ule lilijaa mpaka likafurika upande wa kusini, na maji yakatafuta njia yakipita kwenye zile tabaka za volkano. Maji peke yake hayawezi kukata jiwe upesi. Lakini maji yaliyobeba mchanga na kokoto ni kama msasa wa seremala. Yalikwangua siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Penye jivu lililogandamana yalikata upesi. Penye mwamba mgumu yalizunguka. Ndipo likapatikana korongo linaloitwa Ol Njorowa, lenye kona nyingi na kuta laini kama zilizopakwa plasta. Mahali pengine kuta zinakaribiana hivi kwamba ukinyoosha mikono unagusa huku na huku.

Ziwa lilipopungua, ule mto ulikoma. Lakini angalieni vizuri, wenzangu: mto ulikoma, njia yake haikukoma. Njia ya maji imebaki vile vile, imechongwa tayari, inangoja. Hapo ndipo penye kiini cha makala yangu.

WATU HUENDA HUKO KUFANYA NINI?

Mbuga nyingi za Kenya huwezi kushuka garini. Ukishuka, umekuwa chakula. Hell's Gate ni tofauti, maana ni mojawapo ya mbuga chache ambapo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Simba si kawaida yake pale. Utapishana na punda milia, twiga, swala, pofu na ngiri anayekimbia mkia ukiwa wima kama eriali ya redio. Nyati wapo pia, na nyati si ng'ombe wa mjomba. Kwa hiyo mwenye baiskeli hubaki barabarani, wala hajaribu kumsogelea nyati kwa ajili ya picha.

Baiskeli hukodishwa karibu na lango. Kutoka langoni hadi mahali pa kushukia korongoni ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu. Kwetu sisi wa shule ya kutwa huo si mwendo wa kutisha. Kuna wenzetu humu wanaotembea karibu hivyo kila siku, asubuhi na jioni, tena wakiwa na mkoba wa vitabu.

Wengine huenda kukwea miamba. Hufungwa kamba kiunoni, huvaa kofia ngumu, na huwa na kiongozi anayeijua kazi hiyo. Wengine huenda kutazama ndege. Zaidi ya aina 100 za ndege zimeonekana pale. Tumbusi hujenga viota kwenye magenge marefu, na mbayuwayu huruka wakiingia na kutoka kwenye nyufa. Kwenye mawe utaona pimbi wakiota jua. Ukibahatika utamwona mbuzi mawe, swala mdogo anayesimama kwenye ncha ya jabali kwa kwato zake ndogo kama mchezaji wa sarakasi. Wenye mahema hupiga kambi juu ya magenge, pahali kama Naiburta na Ol Dubai, wakaamka na kuona bonde lote chini yao.

Chini korongoni kuna chemchemi za maji moto zinazotoka ukutani. Huo ni ushahidi kwamba moto wa zamani haujazimika kabisa. Jirani, pale Olkaria, mvuke wa ardhini huvutwa kwa mabomba na kuzungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981. Pengine taa unayosomea usiku huu inawaka kwa mvuke wa Olkaria. Na wapenda sinema wakumbuke kwamba mwaka wa 2003 ilitoka filamu ya Lara Croft ambayo sehemu yake ilipigwa katika mbuga hiyo.

Faida yake si kujifurahisha tu. Mwanafunzi aliyegusa ukuta wa korongo kwa mkono wake hawezi kusahau maana ya mmomonyoko. Kitabu kinasema tabaka za volkano, lakini macho yanaona mistari ya rangi ya kahawia, kijivu na nyeupe, na katika njia unaokota kijiwe cheusi kinachong'aa kama kipande cha chupa. (Kiokote, kitazame, kirudishe. Mali ya mbuga haibebwi.) Isitoshe, mtu akitembea kutwa na wenzake, akisaidiwa kuvuka jiwe na yule ambaye darasani hawasalimiani, hurudi nyumbani na rafiki mpya.

MWAKA 2012 NA MWAKA 2019

Sasa nifike kwenye lile jambo lililomtia baba wasiwasi.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa lilikuwa katika korongo hilo. Mvua ilinyesha, maji yakaja ghafla, na watu 7 wakapoteza maisha.

Tarehe 1 Septemba 2019, nayo Jumapili, wageni wengine walikuwa chini korongoni. Maji yakawakuta tena. Watu 7 walikufa, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa watalii, mwenyeji wa pale. KWS lililifunga korongo baada ya msiba huo.

Saba na saba ni kumi na nne. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kalamu chini kidogo. Nilifikiri: yule kiongozi alilijua korongo kama sisi tunavyoijua njia ya kwenda shuleni, na bado maji yalimshinda.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna korongo jembamba liitwalo Antelope Canyon. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa humo. Mvua ilinyesha kilomita nyingi upande wa juu. Katika kundi la watu 12 aliyepona ni mmoja tu, kiongozi wao. Baada ya hapo waliweka ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, redio za kupokea habari za hali ya hewa na kengele za tahadhari. Walijifunza, lakini kwa gharama kubwa.

KWA NINI MAJI YAWE NA NGUVU HIVYO?

Hapa naomba mnivumilie, tufanye hesabu kidogo.

Fikiria mvua ya milimita 30, ambayo kwetu hapa ni mvua ya kawaida ya alasiri moja. Inyeshe kwenye kilomita moja tu ya mraba. Hiyo ni mita za ujazo 30,000, yaani lita milioni 30. Kwenye shamba la viazi vitamu lenye udongo wa kunywa maji, sehemu kubwa itazama ardhini. Lakini juu ya miamba na udongo mkavu uliogandamana haina pa kuzama. Inateleza. Vijito vinaungana, na vyote vinakwenda kwenye mlango mmoja, yaani korongo.

Hesabu ya pili. Maji yameenea bondeni kwa upana wa mita 40 na kina cha nusu mita, hayafiki hata kiunoni. Sasa yafike mahali korongo lina upana wa mita 2. Yakienda kwa mwendo ule ule, itabidi kina chake kiwe mita 10, maana 40 mara nusu ni 20, na 20 ukigawanya kwa 2 ni 10. Kwa kweli maji hayabaki na mwendo ule ule. Yakibanwa yanaongeza kasi, kwa hiyo kina hakifiki huko kote. Lakini kasi nayo ni adui. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Kumbuka pia kwamba mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na hayo maji yamebeba mawe na magogo. Mtu mzima anaweza kuangushwa na maji ya magotini yakiwa na kasi. Si suala la kujua kuogelea au kutojua.

Jambo la tatu ndilo baya zaidi. Mvua inaweza kunyesha mbali na wewe. Ukiwa chini kati ya kuta mbili ndefu, unaona kipande kidogo cha mbingu tu, kama mtu aliye ndani ya kisima. Kipande hicho kinaweza kuwa cha buluu kabisa, na huko juu kwenye vilima wingu limepasuka. Wewe unacheka, unapiga picha, na maji yako njiani.

HATA HAPA KWETU

Msiseme hayo ni ya Naivasha. Mito yetu ya Awach, Awach Kibuon na Awach Tende, inatoka juu kwenye vilima vya Kisii na Nyamira, inapita kwetu ikishuka kwenda ziwani. Kila mtu wa hapa anajua kwamba kule juu mvua hunyesha karibu kila alasiri.

Nilipokuwa darasa la sita, tulikuwa watoto wanne kwenye kijito kimoja kinachoingia katika Awach. Jua lilikuwa kali. Wawili walikuwa wanafua sare, mimi na binamu yangu tulikuwa tunarusha mawe. Hapakuwa na hata tone la mvua. Ng'ambo alikuwako dani mmoja, nyanya wa jirani yetu, ambaye alikuja na mitungi kuchota maji. Ghafla aliacha kuchota, akainua kichwa kama kuku aliyesikia mwewe. Kisha akapiga kelele, "Pi biro! Pi biro!" yaani maji yanakuja. Sisi tukasimama tu tukimtazama. Akatuita tena, "Wajukuu wangu, acheni nguo! Pandeni juu!"

Tulipanda. Kumbe yeye alikuwa ameona mambo mawili ambayo sisi hatukuyaona: maji yalikuwa yamebadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, na vijiti na majani makavu vilikuwa vimeanza kupita. Kisha tukasikia mlio, si kama mvua, bali kama lori linalopanda mlima. Hata dakika tatu hazikuisha. Jiwe kubwa tulilokuwa tumekalia lilifunikwa kabisa. Sare zilikwenda, patipati zangu zikaenda, na mkoba wa binamu yangu ukaenda na vitabu vya shule ambavyo alilipishwa baadaye. Nyumbani tulichapwa kwa sababu ya vitabu. Lakini dani alimwambia mama, "Shukuru unachapa mtoto na si kulia matanga."

Dani huyo hakusoma Jiografia. Alijua tu kwamba kijito kina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anarudi nyumbani.

JINSI YA KUPIGA HODI

Kwetu mtu haingii boma la mwenzake bila kupiga hodi. Korongo nalo ni nyumba, na mwenye nyumba ni maji. Hata kama hayupo leo, nyumba ni yake, naye haji kwa barua. Kwa hiyo haya ndiyo masharti ya mgeni:

1. Uliza kwanza. Kabla ya kupanga safari, uliza KWS kama korongo liko wazi na hali ya hewa itakuwaje. Likiwa limefungwa, mbuga ina mengine mengi ya kuona. Usitafute njia ya panya.

2. Usitegemee majira. Mvua ndefu huwa Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Lakini msiba wa 2019 ulitokea tarehe 1 Septemba. Kiangazi si hirizi.

3. Nenda asubuhi. Mvua nyingi za Bonde la Ufa huanguka alasiri. Ikifika saa sita, muwe mmeshatoka.

4. Ingia na kiongozi, tena mkihesabiwa. Idadi iliyoshuka ndiyo ipande. Kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia.

5. Kila unapopita, tazama mahali pa kupandia. Ukiingia sehemu nyembamba, jiulize: maji yakija sasa hivi, nitakwea wapi? Usipopata jibu, usikawie hapo.

6. Mtu mmoja abaki juu akitazama mbingu upande maji yanakotoka, si juu ya kichwa chake tu. Awe na filimbi. Filimbi ikilia, hakuna kuuliza kwa nini.

7. Jua dalili. Maji kubadilika rangi, vijiti na povu kupita, upepo baridi usio na sababu, na mlio kama wa lori. Dalili moja inatosha.

8. Panda juu, usikimbie mbele ya maji. Maji ya mafuriko yanaweza kukushinda mbio. Mita chache kwenda juu ni bora kuliko mita mia kwenda mbele.

9. Acha vitu. Mkoba, simu na viatu vinanunuliwa tena. Hata ukichapwa, utachapwa ukiwa hai.

10. Mwenzako akichukuliwa, usijitupe majini. Mtupie kamba, tawi ndefu, au hata sweta zilizofungwa pamoja. Wengi hufa wawili wawili kwa sababu ya huruma isiyo na mpango.

Mengine ni madogo lakini yana maana. Vaa viatu vya kushika, beba maji ya kunywa, usitie mkono kwenye chemchemi za moto kujaribu ushujaa, na takataka zako urudi nazo.

KUFUNGA

Wapo wanaosema twende tu, Mungu yupo. Wapo wanaosema tusiende kamwe. Mimi naona wote wawili hawajalitazama korongo vizuri. Anayekwenda bila kujua amelidharau, na wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Anayekataa kabisa naye anasahau kwamba hata hapa nyumbani tunavuka mito kila siku, na mtoto asiyefundishwa dalili za maji hatajiokoa Naivasha wala Kosele. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, lakini unaweza kumwuliza aliyeyafika.

Makala haya nilimsomea baba jioni moja baada ya chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na huyo wa kubaki juu na filimbi, mmeshamchagua?"

Nilisema bado.

Akasema, "Mchagueni kwanza. Halafu uniletee karatasi ya nauli niione."

Basi, wenzangu, naleta ombi hilo mbele ya chama chetu na mbele ya walimu wetu. Tumchague mtu wa filimbi kabla hatujachagua nyimbo za kuimba njiani. Nikikosa kuchaguliwa kwa jambo lingine lolote mwaka huu, hilo nalitaka mimi.